Kuvamia konvesheni katika raga: lini ni halali, lini mkwaju unarudiwa

Timu ikifunga trai, yaani ikiugusisha mpira ardhini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, hupata pointi 5, kisha hupewa mkwaju wa kupitisha mpira kati ya milingoti, juu ya mtambaapanya, ili kuongeza pointi 2. Mkwaju huo ndio konvesheni. Kuvamia konvesheni ni pale wachezaji waliofungwa wanapochomoka kwenye mstari wao wa goli na kumkimbilia mpigaji ili wauzuie mpira kabla haujapaa. Ni halali kabisa. Wakenya wengi walioijua raga kupitia Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, na mashindano ya Safari Sevens hushangaa wakiuona uvamizi huo mara ya kwanza, na hawana kosa: kwenye raga ya wachezaji saba wapinzani hukusanyika karibu na mstari wao wa mita 10 na mpigaji huachwa peke yake. Uvamizi ni mambo ya raga ya wachezaji kumi na watano.

Ugumu wote uko kwenye sekunde moja. Sheria inawataka wapinzani wabaki nyuma ya mstari wa goli mpaka mpigaji asogee, upande wowote ule, kuanza mwendo wake wa kuuendea mpira. Maneno "upande wowote" ndiyo huzua ubishi. Mpigaji anayerudi nyuma kuhesabu hatua zake bado anajipanga, hajaanza. Lakini akishatulia, kisha akaanza kwa kahatua ka pembeni au ka nyuma kama sehemu ya mwendo wake, mlango umefunguka. Ndiyo maana mpigaji mwenye mazoea ya kuyumbayumba kabla ya kukimbia anajiweka hatarini mwenyewe, na winga (mchezaji wa pembeni mwenye mbio) mwerevu huwa amekwisha kuyasoma mazoea hayo kwenye video wiki nzima.

Hesabu yake ni rahisi. Konvesheni hupigwa popote kwenye mstari ulionyooka na mahali trai ilipofungwa, na mpigaji ndiye huchagua umbali. Tuseme ameweka mpira mita 22 kutoka mstari wa goli na mwendo wake unachukua sekunde 2. Winga anayekimbia mita 8 kwa sekunde atakuwa amekula mita 16, na zitabaki 6 tu. Mpira unaopigwa chini chini hauwezi kuvuka mikono yake hapo. Mpigaji akirudi nyuma zaidi anapata nafasi, lakini mkwaju unakuwa mrefu, na mtambaapanya uko mita 3 juu ya ardhi.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa robo fainali ya Kombe la Dunia, Oktoba 15, 2023, Stade de France. Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini alichomoka na kuuzuia mkwaju wa Thomas Ramos wa Ufaransa. Wengi walidai alitoka mapema mno. Refa Ben O'Keeffe hakuona kosa. Afrika Kusini ilishinda 29 kwa 28. Mechi haiamuliwi na mkwaju mmoja, lakini pointi 2 ni pointi 2.

Je, wakitoka mapema kweli? Hapa watu wengi hukosea wakidhani ni penalti. Kama mkwaju umeingia, pointi zinahesabiwa na mambo yanaendelea. Kama haukuingia, mpigaji anarudia, anaruhusiwa hata kubadili namna ya kupiga, na safari hii hakuna ruhusa ya kumvamia. Kupiga kelele ili kumvuruga pia ni kosa, na vilevile kubebana: mvamizi anaweza kuruka, lakini mwenzake asimwinue.

Upepo nao una visa vyake. Mpira ukianguka kutoka kwenye tii, kile kishikizo kidogo cha kuusimamishia, kabla mpigaji hajaanza mwendo, refa humruhusu auweke upya, na wapinzani wanabaki kwenye mstari. Ukianguka baada ya kuanza, hakuna kusimamisha: aupige ulipo au audondoshe na kuupiga, huku wavamizi wanamjia. Ukibingirika hadi nje ya uwanja, basi konvesheni imekufa. Kwa upande mwingine, mpira uliokwisha kuvuka mtambaapanya ukarudishwa na upepo unahesabiwa.

Usichanganye haya na penalti inayolenga milingoti. Kwenye penalti wapinzani husimama mita 10, hawajongei, mikono ikiwa chini, mpaka mpira upigwe. Tena penalti ikikosa na mpira ukabaki uwanjani, mchezo unaendelea. Konvesheni iliyozuiwa haina muendelezo: mvamizi akiuokota mpira na kukimbia nao hadi upande wa pili hapati chochote. Timu yake inarudi katikati kuanzisha mchezo.