Barafu ya Antaktika ilivyoandikwa kwenye udongo wa Pande, Kilwa

Mjiolojia akionekana Kilwa ameinamia udongo na nyundo mkononi, swali ni lile lile: gesi ipo? Si ajabu, Songo Songo, kisiwa cha gesi, iko hapo ng'ambo tu. Lakini mzee mmoja, nilipomwambia nafuatilia habari za barafu, aliniuliza, "Mwanangu, Pande na barafu wapi na wapi?" Hilo ndilo swali lenyewe.

Miaka milioni 34 hivi iliyopita, Antaktika iliyokuwa na misitu ilifunikwa na barafu katika muda wa miaka laki kadhaa tu. Kwa hesabu za jiolojia, huo ni ufupi wa kutisha. Maji ya barafu hiyo yalitoka baharini. Maji yanapovukizwa na jua, yale yenye oksijeni nyepesi, ya 16 (namba ni ya uzito wa atomi yake), hutangulia kupanda; yenye oksijeni nzito, ya 18, huelekea kubaki. Siku zote mvua na mito huzirudisha zile nyepesi. Zikianguka kama theluji juu ya Antaktika na kukaa huko, hazirudi. Basi bahari zote, na hii yetu ya Hindi ikiwemo, zikawa na oksijeni nzito zaidi, na usawa wake ukashuka makumi ya mita.

Aliyeweka kumbukumbu hiyo ni foraminifera, kiumbe wa chembe moja anayejenga gamba la chokaa kutokana na maji anamoishi. Akifa, gamba huzama na kufukiwa. Ugumu ni kwamba oksijeni nzito huongezeka kwenye gamba hata maji yanapopoa tu, bila barafu yoyote. Ndiyo maana tunapima pia magnesiamu ya gamba: hupungua maji yakipoa, lakini kukua kwa barafu peke yake hakuibadilishi hivyo. Vipimo viwili kwa pamoja hutenganisha baridi na barafu.

Hapa ndipo Pande inapozipita sehemu nyingi duniani. Kwingi magamba ya umri huo yamelala ndani ya chokaa ya sakafu ya bahari, nayo imeota upya juu yake na kuvuruga kemia ya asili. Udongo wa Pande ni mfinyanzi mzito, haupitishi maji, wala haukufukiwa kina kirefu. Loweka kipande, kichuje kwa chekeche laini, weka masalia chini ya hadubini: magamba yanang'aa, mwanga unapenya, na vitundu vyake unaviona kimoja kimoja. Mpaka leo nikiyaona hunisisimua.

Timu ya Paul Pearson, mjiolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, pamoja na wenzao wa Tanzania, ilichoronga hapo miaka ya 2000. Matokeo ya 2008 yalionyesha mpangilio ambao haukuwa wazi kabla. Kwanza bahari ilipoa. Maji ya juu katika eneo hili yalishuka kama nyuzi 2.5 za Selsiasi. Kisha Hantkenina, foraminifera mwenye miiba, akatoweka kabisa, na kutoweka kwake ndiko kunakotenga Eosini na Oligosini, vipindi viwili vya historia ya dunia. Barafu kubwa ikafuata baadaye.

Chanzo? Kwa maoni yangu, kufunguka kwa njia za bahari kuizunguka Antaktika hakutoshi kueleza kasi hiyo. Mwaka 2009 Pearson na wenzake walipima boroni kwenye magamba haya haya, ambayo hudokeza uchachu wa bahari na hivyo kiasi cha hewa ya ukaa, wakaona hewa ya ukaa ilikuwa imeshuka, na barafu ilikua ilipofikia sehemu 760 hivi kwa milioni. Baadaye hewa hiyo ilipanda tena kwa muda, lakini barafu nyingi haikuondoka. Ilikwisha kuwa nyeupe na pana, ikirudisha miale ya jua angani, na ilikuwa imeinuka hadi kwenye hewa ya baridi ambako theluji haiyeyuki kirahisi.