Kitanzi cha ethi: mvumo wa sabufa unatoka wapi

Umeme wa TANESCO ni wa volti 230 na hezi 50. Mvumo wowote unaotokana na umeme huo, kwa hiyo, utakuwa wa hezi 50 au vizidishi vyake: 100, 150, 200. Ndiyo sauti nzito ya "mmmm" inayosikika kwenye sabufa hata kama hakuna muziki unaopigwa. "Shhh" ya kawaida haihusiki hapa, wala mkwaruzo wa kitufe cha sauti kilichojaa vumbi, na Dodoma vumbi halikosekani.

Chanzo kikubwa cha mvumo majumbani ni kitanzi cha ethi. Hutokea pale vifaa viwili vinapounganishwa na ethi, yaani ardhi, kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni waya wa ethi wa plagi ya pini tatu. Ya pili ni wavu wa waya wa RCA, yaani waya wa sauti unaounganisha kifaa na kifaa; ni ule wavu unaozunguka waya wa kati. Njia hizo mbili zikikutana zinafanya duara lililofungwa, na sumaku ya transfoma na nyaya za umeme za jirani inasukuma mkondo mdogo ndani yake. Mkondo wa miliampea 10 ukipita kwenye wavu wenye ukinzani wa omu 0.1 unaacha milivolti 1. Muziki unaotoka kwenye runinga kwenda amplifaya ni kama milivolti 300. Hiyo moja inaonekana si kitu, lakini amplifaya haijui kipi ni muziki na kipi ni uchafu, inavikuza vyote. Usiku mtaa ukishatulia, utausikia.

Kabla ya kumwita fundi au kununua chochote, shusha sauti hadi sifuri. Mvumo usipobadilika kabisa, tatizo liko ndani ya amplifaya, baada ya kitufe cha sauti. Ukipungua pamoja na sauti, unaingia kupitia waya wa nje. Katika hali hii ya pili, zima amplifaya, chomoa RCA zote, washa tena. Kukiwa kimya, rudisha kifaa kimoja kimoja, na kila mara zima kwanza. Kinachorudisha mvumo ndicho cha kuchunguza. Ukichomoa zote na bado inavuma, chukua plagi ya RCA isiyotumika, unganisha pini ya kati na ganda lake, ichomeke kwenye tundu la amplifaya. Ikinyamaza, tundu lililo wazi lilikuwa linanasa uchafu kama antena, na amplifaya yenyewe ni nzima.

Nyumba nyingi za hapa zina mtuhumiwa ambaye watu humsahau: dishi. Waya wake unaingia kwenye king'amuzi, king'amuzi kinaingia kwenye amplifaya kwa RCA, na huko nje dishi limefungwa kwenye bati au kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini. Nguzo hiyo ni ethi ya pili bila mtu kuipanga. Kiangazi udongo wa Dodoma ni mkavu na hauupitishi umeme vizuri. Mvua za Desemba zikianza, nguzo inashikana na udongo mbichi na mkondo unapata njia. Mvumo unaokuja na mvua na kupotea kiangazi, anza nao kwenye nguzo. Kuthibitisha ni rahisi: zima king'amuzi, fungua skrubu ya waya wa dishi kwa nyuma, kisha sikiliza.

Kosa linalofuata ni kukimbilia dukani kununua kitenganishi cha antena. Vingi vinazuia umeme wa moja kwa moja, na kichwa cha dishi kinategemea volti 13 au 18 zinazopanda kwenye waya huo huo. Utapata ukimya, lakini na picha hutaiona. Tenganisha upande wa sauti: transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1:1 katikati ya king'amuzi na amplifaya, au waya wa mwanga ikiwa runinga na amplifaya zina tundu lake. Kwenye mwanga hakuna shaba, basi hakuna kitanzi.

Dawa ya bei nafuu zaidi ni kuchomeka vyote, runinga, king'amuzi na amplifaya, kwenye ekstensheni moja ya pini tatu inayotoka soketi moja. Duara linakuwa dogo na mvumo mara nyingi unapungua sana. Weka RCA mbali na nyaya za umeme, kama sentimita 30. Zikilazimika kukutana, zikatishe kwa msalaba badala ya kuzilaza pamoja.

Kukata pini ya ethi kunanyamazisha, ni kweli, na ndiyo maana kunafanywa sana. Usifanye. Siku waya wa moto ukigusa ganda la chuma la amplifaya, ethi ndiyo inayokata fyuzi. Bila hiyo, kinachobaki kuupeleka umeme ardhini ni mkono wako. Na wale wanaomwagia maji na chumvi kwenye fimbo ya ethi wanasaidia usalama, si mvumo. Kitanzi kiko juu, kati ya vifaa.

Sasa ile hali ya kwanza, ya mvumo usiojali kitufe cha sauti. Huo kwa kawaida ni wa hezi 100, mkali kidogo, kwa sababu diodi nne zinageuza mawimbi 50 kuwa miruko 100 kwa sekunde, na kapasita kubwa, vile vikopo vinavyotunza umeme, ndizo za kuilainisha. Amplifaya iliyotulia ikitumia ampea 0.2, kapasita ya maikrofaradi 4700 inaacha mtikisiko wa karibu volti 0.4. Ikikauka ikabaki 1000, mtikisiko unafika volti 2. Joto ndilo linaloikausha, na amplifaya iliyobanwa kwenye kabati haipoi. Tazama kapasita yenye kichwa kilichovimba. Kabla ya kugusa, chomoa umeme, kisha shikilia rezista ya kilo-omu 1, wati 5, kwenye miguu ya kila kapasita kwa nusu dakika, halafu hakikisha kwa mita. Mbadala uwe na maikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, digrii 105, na mstari wa hasi ukae upande ule ule.

Kwa wanaotumia sola, inveta ya bei rahisi inatoa wimbi la ngazi, na transfoma ya amplifaya itanguruma hata kila kitu kikiwa kizima. Jaribu amplifaya hiyo kwa jirani mwenye umeme wa gridi kabla ya kuifungua.