Saratani ya tumbo: jeni za uvimbe zinatabiri nini?

Mzee wetu wa Sengerema amepimwa hospitali ya Bugando kwa kamera ya tumbo, kinyama kilichokatwa tumboni kimeonyesha saratani. Sasa tunaambiwa kuna kipimo cha jeni. Ina maana ni ugonjwa wa ukoo?

Mara nyingi sivyo. Ipo saratani ya tumbo ya kurithi, kwa mfano ile inayotokana na hitilafu ya jeni ya CDH1, ila ni ya watu wachache. Kila seli ina maelfu ya jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini, na si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kipimo cha aina hii huangalia ni zipi zimewaka ndani ya uvimbe, na kwa nguvu kiasi gani.

Jeni ipi hasa?

Inayopimwa sana ni HER2. Protini yake hukaa juu ya seli na kuihimiza ikue na kugawanyika. Kati ya saratani 10 za tumbo, 1 au 2 huwa nayo kupita kiasi. Je, mwenye HER2 nyingi huishi muda mfupi zaidi? Tafiti zimepingana. Faida ya uhakika ya kuipima iko kwenye kuchagua dawa. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la ToGA kwa wagonjwa wenye HER2 nyingi ambao ugonjwa wao ulikuwa umeshasambaa: waliopewa dawa za saratani pamoja na trastuzumab, dawa inayoizuia HER2, waliishi muda wa kati (nusu yao walizidi hapo) wa miezi 13.8, na waliokosa trastuzumab miezi 11.1. Nyongeza haifiki hata miezi 3, na familia ina haki ya kuambiwa hivyo kabla haijauza ng'ombe.

Mbona walimchukua vinyama vingi?

Uvimbe wa tumbo hauko sawa kote: upande mmoja HER2 imejaa, mwingine haipo. Kinyama kimoja kinaweza kudanganya, kwa hiyo hushauriwa vichukuliwe kama 6 hadi 8. Tena viingizwe kwenye fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhia vinyama, mara moja, maana kikicheleweshwa protini huharibika na majibu hayaaminiki.

Basi jeni zitatuambia ataishi hadi lini?

Hapana. Zinaeleza kundi la wagonjwa. Mzee wenu ni mtu mmoja. Kinachotabiri zaidi bado ni hatua ya ugonjwa: umezama kiasi gani kwenye ukuta wa tumbo, umefika kwenye tezi za limfu, umefika kwenye ini? Mwulizeni daktari hilo kwanza.

Sisi watoto wake tupimwe jeni?

Kama ni yeye peke yake kwenye ukoo, na aliugua uzeeni, kwa kawaida hakuna haja. Pimeni bakteria wa tumboni aitwaye H. pylori, ambaye Shirika la Afya Duniani lilimtaja kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1994. Hutibiwa kwa antibayotiki, dozi ikimalizwa. Na anayepungua uzito bila sababu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekwama chakula asiendelee kununua omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, duka la dawa; aombe kamera ya tumbo.