Brauza haifungui kitu? Dhana potofu zinazofanya watu wapige Windows bure

Nianze na hii inayoniuma kuliko zote. Kompyuta inawaka vizuri, Word inafunguka, muziki unapiga, ila Chrome haifungui saiti hata moja, basi mtu anabeba mashine mpaka kwa fundi, na fundi bila kuuliza swali anasema hii tunapiga Windows, yaani tunaifuta na kuisakinisha upya. Anapiga kweli, diski ya C yote inafutika, na humo ndo kulikuwa na picha za familia na kazi za chuo, maana wengi hawajui kuwa vitu vilivyopo Desktop navyo vinakaa ndani ya C. Binti wa jirani yetu kapoteza sura mbili za utafiti wake hivyo hivyo, karudi nyumbani na saiti bado hazifunguki, kumbe tatizo lilikuwa bando.

Jamani, kupiga Windows hakurudishi bando lililoisha, wala hakuungi waya uliokatika huko nje. Kabla hujamkabidhi mtu mashine yako tafuta kwanza njia imekatikia wapi, na hizi hapa ni dhana ninazokutana nazo kila mara.

"WhatsApp inaingia meseji, kwaiyo intaneti ipo, mbovu ni brauza"

Sio lazima. Kama unatumia hotspoti ya simu, angalia kwanza aina ya bando. Kuna mabando ya mitandao ya kijamii tu, WhatsApp na Facebook zinapita ila saiti zingine zote zinagoma, na kompyuta haina namna ya kujua hilo, yenyewe inakuonyesha imeunganishwa vizuri kabisa. Kaangalie salio kwenye menyu ya mtandao wako, usome ni MB za kitu gani. Dakika moja tu.

Kama bando ni la kawaida, ingia kwenye DNS. Ukiandika jina la saiti, kompyuta haiwezi kwenda na jina, inauliza kwanza seva ya DNS ipewe namba ya hiyo saiti, alafu inaifuata ile namba. Seva hiyo ikigoma kujibu, majina yote yanakwama wakati njia yenyewe ni nzima. Kupima ni rahisi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, alafu andika ping 8.8.8.8, yaani unabisha hodi kwenye namba ya seva ya Google uone kama inaitika. Ikirudisha mistari minne inayoanza na "Reply from 8.8.8.8" jua njia ya kwenda nje ipo. Sasa andika ping google.com. Hii ikisema "could not find host" wakati ile ya namba imejibu, umeshampata mchawi, ni DNS. (Mitandao mingine ya ofisini na vyuoni inazuia ping, ila kwa intaneti ya nyumbani kipimo hiki kinasaidia sana.)

Dawa yake ni kuandika ipconfig /flushdns hapo hapo kwenye cmd, na ikigoma ingia Settings, Network & internet, fungua waifai yako, pale kwenye DNS weka Manual, washa IPv4 na uandike 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Zote za bure, ya Google ipo tangu 2009 na ya Cloudflare tangu 2018.

Na hapo hapo kuna dhana nyingine, kwamba ukiweka 8.8.8.8 unapata spidi. DNS kazi yake ni kukutafutia namba tu, video ikishaanza kushuka yenyewe haihusiki tena, kwaiyo kama kifurushi chako ni kidogo kitabaki kidogo hata uweke DNS ya nani.

"Imetokea alama nyekundu, nimehakiwa"

Hii inawatisha watu sana, hasa wazee wetu. Ukurasa unaandika "Your connection is not private", mtu anazima kompyuta na kuchomoa waya ukutani. Kabla ya yote angalia saa pale chini kulia. Saa na tarehe, na MWAKA, watu wanaangalia saa wanasahau mwaka.

Kila saiti yenye https inakuja na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kuna vyeti, kama vya Let's Encrypt, ambavyo kwa kawaida vimekuwa vikidumu siku 90 tu. Brauza inalinganisha tarehe za cheti na tarehe ya kompyuta yako. Sasa kompyuta ikiamini tuko 2015, cheti kilichotolewa mwezi uliopita inakiona bado hakijaanza kutumika, inakikataa, na itakataa karibu kila saiti unayofungua iwe Gmail iwe benki. Chini ya ile meseji tafuta maandishi madogo, ukikuta NET::ERR_CERT_DATE_INVALID basi ni habari ya tarehe.

Mbona tarehe inarudi nyuma? Ndani ya kompyuta kwenye ubao mkuu kuna kibetri cha duara kama cha saa, kimeandikwa CR2032, ndo kinachotunza saa wakati umeme haupo. Kompyuta za mezani za miaka mingi kibetri hiki kinakuwa kimeshakufa, kwaiyo kila umeme ukikatika mashine inaamka na tarehe ya zamani, unarekebisha leo, kesho ukikatika tena imerudi kule kule. Na tofauti ikishakuwa kubwa usitegemee Windows ijirekebishe yenyewe. Weka tarehe kwa mkono, hakikisha na ukanda wa saa ni sahihi, alafu nunua kibetri kipya, hakina bei kubwa.

Ila nisieleweke vibaya. Kama tarehe iko sawa na alama nyekundu inatokea kwenye saiti ya benki ukiwa kwenye waifai ya hotelini au ya stendi, usilazimishe kupita. Hapo brauza inakulinda kweli.

"Nimejaribu Chrome, nimejaribu Edge, zote zimegoma, basi mashine imekufa"

Chrome na Edge tangu 2020 zimejengwa juu ya msingi mmoja, Chromium, na zote mbili zinasoma setingi za proksi za Windows (proksi ni mtu wa kati ambaye brauza inapitia kwake kabla ya kufika kwenye saiti). Kuhama kutoka moja kwenda nyingine hapo hujapima kitu. Jaribu Firefox, hiyo ina setingi zake za proksi, nenda kwenye Network Settings uchague "No proxy". Ikifungua wakati Chrome imegoma, proksi ya Windows ndo inayokusumbua.

Inatoka wapi? Mara nyingi ni VPN za bure (programu za kupitishia intaneti yako kwenye seva nyingine) au programu chafu zilizoingia na kitu ulichodaunlodi, zinaweka proksi ya 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yako yenyewe, alafu antivairasi ikishaifuta ile programu setingi inabaki. Brauza inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe kashahama. Ping zote mbili zinajibu vizuri, ila brauza inaandika ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Ingia Settings, Network & internet, Proxy, uzime "Use a proxy server". Kama siku mbili baadaye imejiwasha tena, hiyo programu chafu bado imo, skani mashine.

"Waifai imejaa mistari yote"

Ile mistari inapima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta na rauta tu, haijui chochote kuhusu huko nje. Kwa wenye faiba angalia taa ya LOS, ikiwaka nyekundu jua mwanga haufiki nyumbani kwako, piga simu huduma kwa wateja. Na ukiandika ipconfig ukakuta anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haijapewa namba na rauta, zima rauta, subiri nusu dakika, washa.

NIMESEMA ZIMA. Kile kitobo kidogo kilichoandikwa Reset usikiguse kabisa, ukikichoma na pini sekunde kadhaa kinafuta jina na pasiwedi alizoweka fundi wa kampuni, na hapo tatizo la dakika tano linakuwa la siku tatu.

Saa nyingine kosa halipo hata nchini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine, na hapo hata ungepiga Windows mara kumi isingesaidia. Waulize majirani kwanza.

Na kama umepima yote haya ukathibitisha ni Windows kweli, bado kuna hatua moja kabla ya kuifuta. Settings, Network & internet, Advanced network settings, Network reset. Inafuta pasiwedi za waifai na setingi za VPN, ziandike pembeni, ila mafaili yako haiyagusi. Ikigoma, mwambie fundi awashe mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, bila kusakinisha chochote. Saiti zikifunguka humo, kadi ya waifai ni nzima, na kwa flashi hiyo hiyo anaweza kukopi Desktop na Documents zako kwenye diski ya nje kabla hajagusa C.