Eti Kivu haina chumvi, boti ya faiba haiharibiki

Hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu, mshauri mwenye boti ya faiba aipandishe nchi kavu aikague chini, atakujibu: Kivu si bahari, hakuna chumvi ya kuila. Kwa chuma, sawa. Kwa faiba ni kinyume.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na gundi, mara nyingi poliesta, na gundi hiyo hupitisha maji, polepole sana. Yakishaingia huyeyusha kemikali zilizobaki ndani, na mchanganyiko huo huvuta maji mengine kutoka nje, hadi faiba ivimbe malengelenge. Kadiri maji ya nje yanavyopungukiwa chumvi, ndivyo mvuto unavyozidi. Ndiyo maana malengelenge huota upesi zaidi ziwani kuliko baharini. Toboa moja (kinga macho, yana presha): yatatoka majimaji yanayonuka kama siki.

Kupaka rangi juu ya malengelenge ni kuyafungia maji ndani. Kwangua, suuza kwa maji safi, acha ikauke wiki kadhaa, ndipo upake epoksi, gundi nyingine isiyopitisha maji kwa urahisi hivyo. Na masika yakianza, bila paa boti haitakauka.