Je, programu ya karaoke hufuta sauti ya mwimbaji?

Wengi wanaoandaa karaoke nyumbani huamini kwamba programu nzuri ya kompyuta itaondoa sauti ya mwimbaji kwenye wimbo wowote na kuacha ala tupu. Imani hiyo haikuzuka hewani: kitufe cha kuondoa sauti ya mwimbaji kipo, na kwa baadhi ya nyimbo kinafanya kazi.

Njia ya zamani ni hesabu ya kutoa. Wimbo wa stereo una njia mbili, kushoto na kulia, na mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, yaani sawasawa pande zote. Ukitoa upande mmoja kwenye mwingine, kilicho sawa hupotea. Ila besi na ngoma kubwa nazo mara nyingi hukaa katikati, kwa hiyo huondoka naye, huku mwangwi wa sauti yake ukibaki kama mtu anayeimba bafuni. Na dansi la zamani lililorekodiwa kwa mono, yaani pande zote mbili zikiwa na sauti ileile? Unabaki na kimya.

Programu za akili mnemba hutenganisha vizuri zaidi, lakini mabaki husikika bado, hasa kwenye kwaya.

Jaribu mwenyewe kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti: tenganisha njia mbili, pindua wimbi la moja, zichanganye kuwa mono, usikilize kwa hedifoni.

Mimi ningetafuta faili zilizotengenezwa kwa karaoke tangu mwanzo. Aina moja, MP3+G, huja kwa jozi: faili la sauti na dogo la CDG lenye maneno. Ukibadilisha jina la moja tu, maneno hayatokei kwenye skrini, na lawama huangukia programu.