Programu haikukataa kuwaka, kompyuta ndiyo iliyobaki imezimwa

“Fundi, ile programu ya UPS haijiwashi.” Nikiletewa tena maneno haya kutoka hoteli nyingine ya Nungwi, nitazima simu.

Programu yenyewe ni NUT, inayosimamia UPS, yaani boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. Kuifanya ijiwashe kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo tunayoiita Pi, ni kazi ndogo. Faili /etc/nut/nut.conf huja na MODE=none; weka standalone. Kisha systemctl enable nut-server na nut-monitor, zima, washa, uone kama upsc, amri ya kusoma hali ya UPS, inakujibu. Ile mistari ya rc.local (faili la zamani la kuwashia programu) mliyonakili huko mlikonakili, futeni. Basi.

Tena mara nyingi nikifika nakuta hayo yote yako sawa. Kilichozima ni kompyuta yenyewe, na haina habari kwamba umeme umerudi.

Sisi tuliokaa gizani Unguja nzima, tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tunaogopa umeme kukatika siku nyingi. Kwa kompyuta hii, huko ndiko kukatika kwepesi: betri inakwisha kabisa, umeme ukirudi kila kitu kinawaka chenyewe. Balaa ni ule unaokatika kwa muda wa saa moja tu ukarudi. Betri inapungua, NUT inaizima kompyuta kwa adabu, halafu umeme unarudi kabla UPS haijafa. Waya wa Pi haukukosa umeme hata sekunde moja, sasa kitu gani kiiamshe? Imelala pale mpaka mtu achomoe waya na kuuchomeka tena, kisha anipigie mimi kuisema programu.

Dawa ni UPS nayo ijikate. Hakikisha faili ya upsmon.conf ina mstari wa POWERDOWNFLAG, unaotaja faili la alama, kwa kawaida /etc/killpower. Kompyuta ikiwa inamalizia kuzima, alama hiyo ikionekana, UPS inaamriwa ikate umeme wake. Kwa dreva ya usbhid-ups, ile ya UPS zinazounganishwa kwa USB, isipobadilishwa, inakata baada ya sekunde 20 (offdelay), na kurudisha kunahesabiwa sekunde 30 (ondelay). Ondelay lazima iwe kubwa kuliko offdelay. Hata umeme ukirudi katikati, UPS nzuri inakata kwanza, ndipo inarudisha.

Nimesema nzuri. Zile za bei poa zinaipokea amri na kuipuuza, na boksi halikwambii. Hapo ndipo ninapobabaika, maana asilimia za betri kuukuu siziamini, kwa hiyo napenda kuzima mapema, betri ikiwa nusu. Lakini ukizima mapema kwenye UPS isiyojikata, unazidi kuipa nafasi ya kubaki hai mpaka umeme urudi, na Pi imelala. Kwa UPS kama hizo naiacha betri ishuke zaidi, roho ikinidunda.

Ukitaka kujua yako ni ya aina gani, usifanye reboot, haikwambii kitu. Wageni wakiwa ufukweni, andika upsmon -c fsd, amri ya kuizima kompyuta kana kwamba betri imekwisha, UPS ikiwa imechomekwa ukutani vilevile. Ikikata na kurudi, sawa. Isipokata, ushajua kwa nini ulikuwa unanipigia.